Bi Zamda Alipokwenda Kuposa Wanging'ombe

Jumanne, tarehe 14 Julai. Njombe. Ukungu umelala mpaka saa nne, likatoka jua la kudanganya, halafu manyunyu. Nguo nilizoanika jana bado zinachuruzika maji.

Nyinyi vijana wa kikundi cha maigizo pale Makambako mmeniomba niwaandikie jinsi kazi yetu inavyofanywa. Nimekaa na daftari tangu asubuhi. Niliishia darasa la saba, na kuandika kwangu ni kule kwa jioni tu: hali ya hewa, nani kapita kunisalimia, kuku gani katotoa. Kwa hiyo mkikuta jambo limekaa vibaya, litengenezeni wenyewe. Mkikuta nimejisifu, punguzeni nusu. Mkikuta najilaumu, punguzeni pia, maana ninayo tabia hiyo na kasisi ameshanionya.

Nianze na baridi, kwa kuwa ndiyo inayoniuma vidole sasa hivi.

Tamthilia iliyonipa jina ilikuwa habari ya familia tajiri ya Dar es Salaam. Lakini mwenye kampuni alikuwa na nyumba kubwa hapa Njombe iliyokosa mpangaji, basi Dar es Salaam ikahamia Njombe. Mwezi kama huu tulikuwa tunavaa madera mepesi, tunajipepea kwa upepeo wa ukili, tunasema, "Joto la leo jamani, mtu ataiva!" huku mvuke unatutoka mdomoni kama birika. Nje ya dirisha walisimamisha mnazi wa plastiki, na dereva wa kampuni alijificha chini yake akiutikisa ili uonekane una upepo wa bahari. Siku moja aliusahau, akapiga chafya, na mnazi ukapiga chafya naye.

Dawa ya mvuke ni hii, na ndiyo ya kwanza mtakayoiandika: kunywa maji ya baridi sana, yashike mdomoni, uyameze pale tu anaposema "ekshen." Mdomo ukishapoa, utasema sentensi mbili bila moshi. Ya tatu inaanza kufuka. Ndiyo maana Bi Zamda, yule mama mkwe niliyemcheza, alikuwa mtu wa maneno mafupi. Watazamaji walikuwa wanasema ukatili wake wote umo katika ule ufupi wa maneno. Kuna mwandishi wa gazeti aliandika kwamba nimebuni namna mpya ya kuigiza. Mimi meno yalikuwa yamekufa ganzi.

Bi Zamda alikuwa mbaya kwelikweli. Mkwewe aliitwa Mwanahawa, msichana mpole anayelia kila sehemu. Bi Zamda alimfungia chakula, alimsingizia wizi wa mkufu, na mwisho akamtilia kitu kwenye uji, macho yakaingia giza. Kila jioni ya Jumatano mikoa yote ilinitukana.

Mambo ya nje tulirekodi Makambako, kwa sababu ya maduka. Nyinyi wa huko mnajua: pale njia panda malori hayalali, na treni ikikatiza kila mtu anafunga mdomo. Mtu wetu wa sauti alikuwa anavua vile visikilizio na kuvitupa chini kwa hasira. Dairekta wetu, kijana anaitwa Festo, akachoka. Akasema, "Mama Skola, lori likipita, msikatize. Sema ni la mumeo." Basi kila honi ikilia namwambia Mwanahawa, "Hilo ni lori la baba yenu." Mwaka ulipokwisha mume wa Bi Zamda, ambaye alianza kama mwalimu mstaafu, alikuwa tajiri wa malori kuliko mtu yeyote nchini, na hakuna aliyekaa kumwandika hivyo. Nawaambia hili ili mjue: kelele usiyoweza kuizima, iajiri.

Aliyenifundisha mimi hakuwa Festo. Ni katekista wetu wa misheni, marehemu Kandidus, aliyekuwa anaongoza maigizo ya mateso ya Bwana wakati wa Kwaresima. Nilikuwa msichana, nimepewa kuwa mmoja wa wanawake wanaolia njiani. Nililia vizuri mno. Nilianza kulia Pilato bado ananawa mikono. Kandidus akasimamisha watu wote.

"Skola, unalia nini?"

"Kwa kuwa wanamsulubisha, mwalimu."

"Nani kakwambia? Hajahukumiwa bado. Nyamaza, na wewe uwe na matumaini kama wenzako."

Nimefanya kazi hii mpaka magoti yamekataa, sijasikia fundisho kubwa kuliko hilo. Mchezaji asijue kinachokuja. La pili alilonipa ni kwamba mtu mbaya hajijui kuwa ni mbaya, kwa hiyo usiucheze ubaya, mpe kazi ya mikono. Ndiyo nikampa Bi Zamda ile kazi ya sufuria ambayo mmeiona nyote, na ambayo wanawake wa sokoni walikuwa wananiigiza nikipita: anafunua mfuniko kwa kidole kimoja, anainama, ananusa, anarudisha mfuniko polepole, anasema "Haya," anaondoka. Sikuambiwa na mtu niifanye. Festo alipoiona mara ya kwanza alisahau kusema "kata."

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, maana naona ninalizunguka.

Mwanangu mmoja tu niliyenaye, Benedikto, anauza mbao Makambako. Akapendana na Anjela, binti wa Wanging'ombe aliyekuwa anauza duka la pembejeo hapohapo karibu na kituo cha mabasi. Nilimpenda binti yule kabla hajajua mimi ni nani. Tukamtuma mshenga, Mzee Ngailo, jirani yangu, fundi seremala aliyeacha kazi kwa ajili ya mgongo. Alikwenda amevaa koti. Alirudi amelishika mkononi.

"Mama Bene," akasema, hata hajakaa, "wamekataa."

"Wana nini na Benedikto?"

"Benedikto hawana neno naye. Wanasema kijana mzuri, anasali, mbao zake zimenyooka. Tatizo ni mama."

"Mama yupi?"

Akaniangalia tu.

"Uliwaambia yale ni maigizo?"

"Niliwaambia. Wakasema wanajua ni maigizo, wao siyo washamba, king'amuzi wanacho. Lakini bibi yao yule, mama mzaa baba yake Anjela, ndiye anayeshika neno pale, akauliza: mtu anatoa wapi kitu asichokuwa nacho? Akasema, 'Mimi mkinipa nicheze rubani nitacheza, lakini ndege itaanguka. Huyu mama ndege haianguki.'"

Mpaka leo naona lile ni swali la haki.

"Halafu," Mzee Ngailo akaendelea, na hapa akashusha sauti, "wananiuliza Mwanahawa macho yalipona?"

"Wewe ukasemaje?"

"Nikasema sijui, niliacha kuangalia umeme ulipokatika." Akalikunja koti lake. "Yalipona?"

Benedikto hakunilaumu. Ingekuwa afadhali angenilaumu. Alisema tu, "Mama, usijali, ni kazi," akarudi kwenye mbao zake, akawa haji tena nyumbani Jumapili. Anjela naye aliitwa kwao, duka la pembejeo akawekwa mtu mwingine. Nikaelewa kwamba nisipofanya kitu, nimemwoza mwanangu na useja kwa kazi nzuri niliyoifanya.

Kwanza nilikwenda kwa Festo. Nilimkuta anakunywa chai kwenye ngazi za ile Dar es Salaam yetu.

"Dairekta, naomba Bi Zamda atubu."

"Mama, akitubu tunakula nini?"

"Mwanangu ananyimwa mke."

Akaniangalia kwa huruma ya kweli, nisimwonee, nililiona chozi. Akasema, "Basi atatubu. Nitaandika mwenyewe."

Akaandika, na aliandika vizuri. Bi Zamda anapiga magoti mbele ya Mwanahawa asiyeona, anamwomba radhi. Nilikuwa namuwaza Benedikto tu, nikalia mpaka yule msichana anayecheza Mwanahawa akasahau kuwa ni kipofu, akanifuta machozi yaliponidondoka. Dereva alilia chini ya mnazi. Tulipomaliza tukanywa chai, na mtu wa sauti akatupa kisa cha mbuzi wa mjomba wake aliyeingia kanisani siku ya kipaimara akala maua ya altare. Nikacheka kicheko changu chote.

Sehemu hiyo ilipotoka nilialika majirani. Bi Zamda akapiga magoti, akalia, majirani wakalia. Nikasema moyoni, Wanging'ombe nao wanalia sasa. Halafu Bi Zamda akatoka chumbani, akafunga mlango, na pale mlangoni akaangua kicheko. Ni kicheko changu cha kile kisa cha mbuzi. Kamera ilikuwa haijazimwa wakati wa chai.

Jirani mmoja, mama ninayesali naye jumuiya, akahamisha kiti chake mbali nami kidogo.

Nilimpigia Festo. Akasema, "Mama, samahani, lakini kile kicheko kilikuwa kizuri mno kukiacha." Na kwa haki niseme, ilikuwa kazi safi. Hata mimi nilimchukia yule mwanamke. Nanyi andikeni: kamera ikiwa imewashwa uko kazini, hata ukinywa chai, hata ikitajwa habari ya mbuzi.

Basi nikaamua kwenda mwenyewe. Mzee Ngailo alipinga. "Mama Bene, mama wa kijana haendi kwa wakwe kabla hajapokewa. Tangu lini? Watasema huna adabu."

"Wameshaniona mchawi, adabu itaongeza nini?"

Akavaa koti lake tena.

Tulifika Wanging'ombe asubuhi, kavu, vumbi jekundu. Uani kwao kulikuwa na watu wengi kuliko inavyohitajika kumkataa mtu mmoja. Majirani walikuja na viti vyao. Bibi mwenyewe alikaa karibu na jiko la nje, mwembamba, ameshika fimbo, shuka imemfunika mabega. Mama Anjela alikuwa anakoleza moto chini ya sufuria ya maharage, hasemi neno. Baba Anjela alikaa pembeni akitazama bati la nyumba yake kana kwamba ndiyo analinunua.

Nikapiga magoti, nikaamkia kwa lugha ya huku. "Kamwene, mama."

"Kamwene," Bibi akaitika, halafu akawageukia watu. "Mmeona? Alipiga magoti hivihivi kwa wazazi wa Mwanahawa."

Kweli Bi Zamda alipiga. Nikainuka upesi, nikatoa sukari na kitenge.

"Na zawadi alileta," akasema mama mmoja kule nyuma.

Nikatabasamu.

"Na lile tabasamu! Lilelile!"

Hapo ndipo nilipoujua ubaya wa kufanya kazi yako kikamilifu. Kila wema niliokuwa nao nilikuwa nimeshautumia kwenye televisheni kudanganyia watu. Nikisema taratibu, Bi Zamda alisema taratibu. Nikikaa kimya, kimya chake ndicho kilichotisha zaidi. Kulia sikuthubutu. Anjela alikuwa amesimama mlangoni, ananiangalia kwa macho ya kuniomba niwe na akili, na mimi akili sikuwa nayo.

Mzee Ngailo akakohoa. "Wazee wangu, huyu mama namjua. Mimi ukuta wangu na ukuta wake ni mmoja. Sijapata kusikia ugomvi."

"Mwanahawa naye alipiga kelele lini?" Bibi akauliza. "Alipewa uji tu."

Watu wakaguna.

Halafu Bibi akanielekezea fimbo. "Wewe. Kwa kuwa umekuja, fanya ile ya sufuria. Nataka nione kwa macho yangu inatokea wapi."

"Mama, nimekuja kama mzazi, sikuja kazini."

"Kwetu mgeni akiombwa anatoa alichonacho. Au kuna cha kuficha?"

Nikamtazama Mzee Ngailo, akatazama chini. Nikaona nimekwisha hata hivyo. Nikifanya, ni Bi Zamda. Nisipofanya, ni Bi Zamda anayejificha. Nikavua viatu. Sijui kwa nini nilivua, ni mazoea ya jukwaani. Nikasubiri pumzi itulie, nikasogea jikoni pa Mama Anjela kama mtu anayeingia kwake. Nikafunua mfuniko kwa kidole kimoja, nikainama, nikanusa. Nikaurudisha polepole.

"Haya."

Mtoto mmoja akajificha kwenye kanga ya mama yake. Nikasema moyoni, Benedikto, mwanangu, nisamehe.

Ndipo nikasikia sauti kama ya kuku anayekabwa. Mama Anjela alikuwa ameinamia kuni, mabega yanamtikisika.

"Unacheka nini wewe?" Bibi akamuuliza.

"Sicheki, mama."

"Unacheka."

"Ni moshi, mama." Akaziba mdomo kwa kanga, ikashindikana, akakaa chini kabisa, machozi yanamtoka. Baba Anjela akalitazama bati kwa bidii zaidi, lakini masharubu yalikuwa yanacheza.

Na yule mama wa nyuma, yule wa tabasamu, ambaye sitamsahau katika sala zangu, akasema kwa sauti ya mtu aliyeshtuka, "Lakini jamani! Huyu si Bibi kabisa?"

Bibi akageuka polepole.

"Mimi?"

Yule mama akajificha nyuma ya jirani yake.

"Mimi nafunua sufuria hivyo?"

"Kila siku ya Mungu, mama," Mama Anjela akasema kule chini, na nadhani alikuwa amelisubiri neno hilo tangu alipoolewa. "Na 'haya' unasema."

Bibi akanigeukia. Akanitazama. "Umeitoa wapi hiyo?"

Hapa ningeweza kusema uongo mzuri, na kichwani nilikuwa nao tayari. Lakini niliona sina haki ya kumsingizia mtu aliyekufa. "Kwa mama mkwe wangu, marehemu. Alikuwa akija jikoni kwangu kila mchana anafanya vile."

"Alikuwa mwanamke mbaya?"

Nikafikiri. Nilifikiri sana, mpaka Mzee Ngailo akanivuta kitenge. Nilikumbuka nilivyomwogopa. Nikakumbuka pia nilipojifungua Benedikto ni nani aliyenipikia mtori na kulala sakafuni karibu na kitanda changu.

"Hapana, mama. Alikuwa anaangalia kama chakula kimeungua. Mimi nilikuwa naunguza."

"Mmesikia!" Bibi akapiga fimbo chini. "Mmesikia? Ni kukagua. Nyumba isiyokaguliwa itasimamaje? Sasa mimi nina ubaya gani? Semeni. Nani hapa anasema mimi nina ubaya?"

Watu wote wakatazama bati pamoja na Baba Anjela.

Na hapo Mzee Ngailo, ambaye mpaka wakati ule nilikuwa naona nimemchukua bure, akainuka, akafunga vifungo vya koti. "Hakuna ubaya wowote, mama," akasema. "Ndilo neno tuliloleta sisi tangu siku ya kwanza. Kwamba mama wa namna hiyo ni mama tu wa nyumba. Kama nyinyi mnamwona ana dosari, tuambieni ni ipi, tuichunguze wote hapahapa."

Bibi akamtazama mshenga wangu kwa muda mrefu. Alikuwa amebanwa, na alijua nani kambana, na nafikiri alimpenda kwa hilo. Akikataa mambo yangu, amekataa ya kwake mbele ya kijiji.

"Mleteeni mgeni kiti kizuri," akasema. "Kile kina mguu mbovu."

Walioana baada ya mavuno, misa ya asubuhi, mvua ikatuacha mpaka picha zikaisha. Bibi alikaa karibu yangu ukumbini, akawa anawaambia wageni, "Huyu ndiye mwenyewe," kana kwamba amenizaa. Tamthilia iliendelea muda kidogo, kisha ikakatika ghafla, siku mwenye kampuni alipopata mpangaji wa ile nyumba. Mwanahawa hajapona macho mpaka leo, na wapo wanaonisimamisha sokoni kuniuliza, na mimi sina la kuwaambia.

Kama nimewafundisha kitu, sijui ni kipi. Nilidhani nilikwenda Wanging'ombe kuthibitisha kwamba mimi siyo yule. Nikaponea kwa kuonekana kwamba yule ni kila mtu. Hilo sikulipanga, msije mkasema Mama Skola ana akili. Na swali la Bibi, mtu anatoa wapi asichokuwa nacho, bado sijalijibu. Mnapocheza wabaya, kaeni nalo.

Jioni hii Benedikto na Anjela wamekuja na gari la mbao, wamelala hapa. Anjela kapika: ugali, maharage, majani ya maboga, na parachichi la kwetu nyuma ya nyumba. Ugali ulikuwa laini kuliko ninavyoupenda. Nimeomba kuongezewa.